Nanunua nyumba Bamburi lakini sitaki mji mzima ujue nina pesa, nifanyeje?

Swali: "Salaam aleikum wakili. Mimi ni wa Kisauni, Mombasa, ila nafanya kazi Doha. Nimepata fleti ya vyumba viwili Bamburi, bei milioni sita unusu. Dalali anataka nimtumie kwa watsapu kopi ya kitambulisho, pini ya KRA (namba yangu ya kodi) na stetimenti ya benki ya miezi sita, ati ajue kama mimi ni mnunuzi wa kweli. Serikali simfichi, ninaowaogopa ni jamaa na majirani, wakijua tu nimenunua simu hazitakoma. Nimefikiria niandikishe kwa jina la kaka yangu. Halafu kuna nyumba nyingine Kongowea, bila kiwanja, bei nafuu. Nishauri."

Waaleikum salaam dadangu. Nianze na la haraka manake dalali najua hatakupa usingizi: stetimenti usimtumie. Si ya miezi sita, si ya mwezi mmoja, si ukurasa wa mwisho peke yake. Kitambulisho na pini pia bado, hizo zina wakati wake na zina mtu wake wa kuzipokea, na mtu huyo si dalali.

Sisemi dalali ni mwizi, wengi ni watu wa kutafuta riziki tu. Ila yeye hayumo kwenye mkataba, mkataba ni wa muuzaji na mnunuzi, kazi yake ni kuwakutanisha na kuchukua asilimia yake. Sasa hebu ifungue hiyo stetimenti uitazame kwa macho ya mtu mwingine: mshahara wako unaingia tarehe gani na unatoka kwa nani, mama unamtumia ngapi kila mwezi, ada ya shule unamlipia nani, na mwisho kabisa salio. Dalali ataangalia salio. Akiona una milioni tisa, hiyo nyumba ya sita unusu haitashuka hata shilingi, na jioni muuzaji atapigiwa simu aambiwe "mteja yuko vizuri, kaza hapo hapo", manake asilimia hupanda bei ikipanda. Watu huja kwangu na hofu ya majirani na shangazi, kumbe wa kwanza asiyefaa kujua pesa zako ni yule unayepatana naye bei.

Kwa hivo mwandikie hivi, kopi ubandike: "Asante. Mimi ni mnunuzi tayari na nanunua kupitia wakili. Naomba namba ya kiwanja na namba ya fleti, wakili afanye sachi. Sachi ikitoka safi wakili wangu atamthibitishia wakili wa muuzaji kwamba pesa zipo." Basi. Sachi ni kuiuliza ofisi ya ardhi kiwanja ni cha nani na kina mizigo gani. Dalali anayejua kazi yake atakupa namba siku hiyo hiyo. Anayeruka ruka na kusema "kwanza tuone stetimenti" ushajua wa aina gani. Na muulize kama amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Maejenti wa Nyumba, sheria inataka hivo, ingawa hawa wa kukaa kibandani Bamburi Mtambo na simu tatu wengi hawajasajiliwa, wewe uliza tu usikie atakavojibu.

Muuzaji naye ana haki ya kuwa na wasiwasi, hataki kufunga nyumba yake miezi mitatu kwa mtu asiye na kitu. Hilo lina dawa bila kuonyesha salio. Benki yako inaweza kuandika barua ya mistari mitatu kusema mteja wetu ana uwezo wa kulipa kiasi fulani, na hicho kiasi kiwe kile cha ofa yako, usikubali waandike "na zaidi". Au, na hii ndo kawaida yetu sisi, wakili wako anampa wakili mwenzake ahadi ya kiwakili kwa maandishi, kwamba baki ya bei italipwa ndani ya siku kadhaa baada ya uhamisho kusajiliwa. Ahadi hiyo ina meno, wakili akiivunja mahakama inaweza kumlazimisha yeye mwenyewe alipe, ndo maana hakuna wakili anayeitia sahihi kabla pesa hazijaingia kwake. Muuzaji analala vizuri, na salio lako la Doha hakuna aliyeliona.

Sasa jina. Hapa nitakuwa mrefu kidogo.

Rejista ya ardhi hapa Kenya ni ya umma. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 inampa mtu yeyote haki ya kuomba sachi rasmi, analipa ada, anapewa. Sachi inaonyesha aina ya umiliki, ukubwa, jina la mwenye mali na anwani, na mizigo iliyoko juu yake kama mkopo, zuio au amri ya korti. Kwenye hati yenyewe namba yako ya kitambulisho imo. Hakuna njia ya halali ya kulifuta jina lako huko, na ukikutana na mtu anakwambia ana "mtu wake ndani" wa kuficha jina, kimbia, anayeweza kulificha anaweza pia kulibadilisha.

Lakini sikiliza, rejista imepangwa kwa namba za viwanja, haikupangwa kwa majina ya watu. Jirani yako wa Kisauni hawezi kwenda ofisi ya ardhi akasema nitazamieni huyu msichana ana nyumba ngapi. Ataulizwa namba. Bila namba hana pa kuanzia. Kwa hivo kitu cha kuchunga kama mboni ya jicho ni namba ya kiwanja chako, na namba hiyo huvuja kwa njia za kijinga kabisa, bili ya rates, ile kodi ya kaunti, imeachwa juu ya friji, mkataba umetumwa kwa binamu "ausome tu", picha ya hati kwenye steitasi. Mtu akishaipata namba, anakuwa na jina lako kwa ada ya sachi.

Bei je, inaonekana? Kwenye karatasi ya sachi, hapana. Lakini kwenye rejista yenyewe, ile tunaiita grini kadi, kuna sehemu ya kuandika malipo yaliyotolewa, na hati nyingi za zamani za hapa pwani, hizi zenye namba za kuanza na MN, MS au MI, ukizigeuza utakuta kila mauzo yameandikwa kwa taipu na bei yake, fulani kamuuzia fulani kwa shilingi kadha. Aliye na kopi ya hati kamili mara nyingi ana bei pia. Na ukichukua mkopo wa benki, kiasi cha mkopo kinaandikwa kama mzigo juu ya hati, na hicho kwenye sachi kinatokea wazi, jina la benki na shilingi zake. Watu hawalijui hili. Anaficha bei kila mahali halafu mkopo wa milioni nne unasomeka kwa yeyote mwenye namba. Sikwambii usikope, nakwambia tu ujue.

Anwani tumia sanduku la posta, hata la wakili kama amekubali, usiandike "karibu na msikiti fulani, mlango wa bluu". Nimeona hati zenye maelezo kama hayo wallahi.

Kwa hivo jina lako halifichiki kabisa, pesa zako ndo zafichika, na ukilikubali hilo mapema hutaingia kwenye mambo ya kaka.

Haya, kaka. Naelewa kwa nini umefikiria hivo, wenzako wengi wa Ghuba hufanya hivo na mara nyingine mambo huenda salama miaka. Lakini angalia unachokifanya kisheria: aliyesajiliwa ndiye mwenye mali mpaka ithibitishwe vingine. Kaka akikopa na kushindwa kulipa, wanaomdai wataiona nyumba kama ya kwake. Kaka akiachana na mkewe, nyumba inaingia kwenye hesabu ya mali ya ndoa, na wewe uko Doha unatuma voisi noti za kulia. Kaka akifariki, Mungu ampe umri, mirathi inakwenda kwa Kadhi na warithi wake ni mke na watoto wake na mama yenu, wewe unakuwa dada anayedai, na shemeji yako ambaye leo anakuita "dadangu kipenzi" siku hiyo atakuuliza ushahidi uko wapi.

Utasema ninao ushahidi, nina risiti za kutuma pesa. Sawa, mahakama inaweza kukubali kwamba kaka alikushikia amana tu kwa vile pesa zilitoka kwako. Lakini ufike huko umekwenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi, umewasilisha stetimenti zako zote kama vielelezo, wamezisoma mawakili wa pande zote na ukoo mzima uliokaa benchi la nyuma, na hukumu ikitoka inawekwa kwenye tovuti ya Kenya Law na majina kamili, mtu yeyote anasoma bure. Ulitaka kuficha kwa majirani, umechapishwa. Kama ni lazima kabisa jina la mtu mwingine litumike, basi pawe na hati ya amana iliyoandikwa na wakili na kutiwa sahihi na kaka kabla ya senti kutoka, asilia ukae nayo wewe. Lakini ushauri wangu, weka jina lako. Kaka mpe kazi ya kusimamia mafundi.

Kuna wanaopendekeza kufungua kampuni ndo ishike nyumba. Kwa fleti moja ya kuishi mimi naona ni gharama ya bure, ritani za kila mwaka, mambo ya kodi, na tena haikufichi vile unavodhania. Mtu anaweza kuomba CR12, karatasi ya maelezo ya kampuni, kwa tovuti ya serikali ya eCitizen na akaona wakurugenzi na wenye hisa. Tangu 2020 pia kampuni lazima iandikishe wamiliki wake halisi, mwenye asilimia 10 au zaidi anaingia, orodha hiyo haiko wazi kwa umma lakini vyombo vya serikali wanaiona. Ukiwa na nyumba tano tutazungumza upya, pamoja na mambo ya trasti ya familia.

Sasa kuna lile muuzaji au dalali atakunong'oneza: "tuandike milioni nne kwenye mkataba, bei ya kweli tunajua sisi." Atakuambia ni kwa faida yako, siri inakaa na ushuru wa stempu unapungua. Ushuru kwa mjini ni asilimia 4, kwa sita unusu ni 260,000, inauma kweli. Lakini mthamini wa serikali anaitathmini mwenyewe hiyo nyumba, kwa hivo huenda hata hukuokoa kitu, na kusema uongo kwenye hati ya kodi ni kosa la jinai, hilo moja. La pili ambalo hawakwambii: siku utakapouza wewe, utalipa kodi ya faida ya mtaji, asilimia 15 tangu Januari 2023. Tuseme umeuza milioni saba. Kama mkataba wako unasema ulinunua sita unusu, faida ni laki tano, kodi kama 75,000 hivi kabla ya kutoa gharama. Kama mkataba unasema milioni nne, faida ni milioni tatu, kodi 450,000. Punguzo alilipata muuzaji, kodi yake ikashuka, na wewe ukabaki na bili yake. Na mkitofautiana njiani kabla ya uhamisho, utamdai pesa ambayo mkataba hauna. Usikubali.

Malipo nayo. Dipoziti ya kawaida ni asilimia 10, kwako 650,000. Usikubali kupeleka kwa M-Pesa ya mtu, kwanza kikomo ni 250,000 kwa muamala mmoja kwa hivo utaikatakata vipande vitatu, pili jina na namba yako zinabaki kwenye simu ya dalali, ya mke wa dalali, na ya kijana anayemshikia simu akiwa msikitini. Peleka kwa benki mpaka akaunti ya wateja ya wakili. Sheria yetu inatutaka tuweke pesa za wateja kando na za ofisi, kwa hivo jina la akaunti liwe la kampuni ya mawakili na lionyeshe kuwa ni ya wateja. Jina la mtu binafsi, simama hapo. Taslimu sahau, ukienda benki na milioni moja au zaidi mkononi utajaza fomu pesa zimetoka wapi na zinaenda wapi, na umetembea nazo Digo Road mchana kweupe. Cheki nazo mwisho wake ni chini ya milioni, kuanzia hapo ni RTGS, yaani kuhamisha moja kwa moja benki kwa benki.

Na hili limewaliza watu: mnaandikiana kwa imeili vizuri wiki tatu, halafu siku ya kulipa inakuja imeili "tumebadilisha benki, tuma kwa akaunti hii". Imetoka kwa anwani ile ile, au inafanana imezidi herufi moja. Aliyeingia kwenye imeili alikuwa anasoma muda wote, anajua kiasi, anajua tarehe, anajua mpaka jina la mtoto wako. Usitume. Piga simu kwa namba uliyoipata mwanzo, si ile iliyoko kwenye imeili hiyo, usikie sauti unayoijua ikikusomea akaunti. Wakili anayeudhika kwa kupigiwa simu kwa jambo hili tafuta mwingine. Na huyo wakili mwenyewe, mtazame kwanza kwenye tovuti ya Chama cha Mawakili, unaandika jina unaona kama ana cheti cha mwaka huu. Awe wako peke yako, usishirikiane na wa muuzaji kwa kubana matumizi, siri zako na za muuzaji haziwezi kukaa kwenye droo moja.

Nirudi kwa zile kopi. Wakati utafika lazima utoe kitambulisho, pini na picha za pasipoti, uhamisho haufanyiki bila hivo. Mpe wakili peke yake. Juzi juzi printa yetu iligoma nikaingia saiba moja hapa mjini kuchapisha karatasi mbili, nafungua folda ya daunlodi nitafute faili yangu nakutana na hati ya mtu ya Mtwapa, vitambulisho vya mume na mke mbele na nyuma, cheti cha pini, mkataba mzima wa mauzo umetiwa sahihi kila ukurasa, na watsapu ya mteja mwingine bado iko wazi pembeni inaingiza meseji. Nikamwambia kijana wa pale mbona hivi, akanijibu "hizo za wateja, huwa tunafuta Ijumaa." Ilikuwa Jumatatu. Hapo mtu ana kila kitu anachohitaji, jina, namba ya kitambulisho, sahihi, pini, namba ya kiwanja, na bei.

Kwa hivo skani kwa simu yako mwenyewe, tuma kwa imeili ya wakili ikiwa imefungwa kwa pasiwadi, pasiwadi mtumie kwa njia nyingine. Kopi yoyote inayokwenda kwa mtu asiye wakili, kwa mfano meneja wa jengo, iandike kwa kalamu kukatiza katikati, isiwe pembeni pa kukatika: "Kwa ununuzi wa fleti Bamburi peke yake", tarehe, na jina la ofisi inayopokea. Kopi safi ni ya ofisi ya ardhi na KRA tu, na inapita kwa wakili. Ukiwa na laini ya Safaricom piga *106# uone namba gani zimesajiliwa kwa kitambulisho chako, na *100*100# kuifunga laini yako isibadilishwe na mtu mwingine dukani. Wewe uko nje, laini ya nyumbani unaiwasha mara moja moja, watu kama nyinyi ndo wanaotafutwa, laini ikihamishwa usiku wewe unajua baada ya wiki.

Utahitaji wakala wa kukutilia sahihi kama huwezi kuja. Usitoe uwakilishi wa jumla, ule wa "afanye lolote kuhusu mali zangu zote". Uwe maalum, fleti namba hii, kiwanja hiki, atie sahihi mkataba na uhamisho, apokee funguo, basi. Asiwe na ruhusa ya kukopa juu yake wala kuuza wala kuuliza benki yako chochote. Unatia sahihi huko mbele ya ubalozi wetu au mthibitishaji, unasajiliwa huku. Karatasi hii itasomwa na watu wengi kuliko unavodhania, makarani, dalali, meneja wa jengo, kwa hivo isiandikwe ndani mambo ambayo hayahusu, nimeona moja imetaja akaunti tatu za benki na ploti ya Malindi bila sababu yoyote.

Kwenye mkataba wa mauzo mwambie wakili aongeze kipengele cha siri: muuzaji, wakili wake na dalali wasitoe bei wala jina lako kwa mtu asiyehusika, na wasitumie picha yako. Hiyo ya picha usicheke. Umeona zile posti za kampuni za ploti, mteja amesimama na kofia ya kampuni ameshika hati, "hongera kwa mteja wetu kutoka diaspora", ukivuta picha kwa vidole unasoma namba ya hati na ya kitambulisho. Ukipewa funguo mtu wa kampuni atakuja na simu, atakuambia simama hapa ndugu. Kataa kwa adabu, na kama umemtuma kaka mwambie akatae pia. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inasema hawawezi kutumia taarifa zako kibiashara bila ridhaa yako. Mwezi wa tisa 2023 ofisi ya Kamishna wa Data iliipiga kilabu kimoja cha Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuposti picha ya mteja bila ruhusa, kwa hivo si maneno ya vitabuni. Ikikutokea, waandikie waondoe, weka skrinishoti, wasiposikia jaza malalamiko kwa ofisi ya Kamishna mtandaoni, na sheria inataka uamuzi ndani ya siku 90. Hilo linamhusu dalali anayesambaza kitambulisho chako pia, akiwa na kampuni au bila.

Hati ikitoka, usimwachie mtu "akuwekee". Benki au sefu. Ikipotea, kupata nyingine lazima tangazo litoke kwenye Gazeti Rasmi la serikali, jina lako, sanduku lako la posta, namba ya kiwanja na ukubwa wake, kisha siku 60 za kungoja kama kuna mwenye pingamizi. Magazeti hayo yako mtandaoni. Namba ya kiwanja ambayo umeichunga muda wote, na jina lako kando yake, kwa kila mtu.

Na grupu la watsapu la wakaazi wa jengo, ingia kwa namba ya pembeni. Kuna mameneja wanaoposti orodha ya wasiolipa service chaji, jina na namba ya fleti na deni. Ulipe mapema tu.

Kongowea sasa. Kama ni nyumba bila kiwanja kweli, yaani unanunua kuta na bati na ardhi ni ya mtu mwingine unayemlipa kodi ya ardhi kila mwezi, basi mengi niliyosema juu ya rejista hayakuhusu, kwa sababu hutakuwa kwenye rejista. Huko ofisini litaonekana jina la mwenye ardhi. Ukidhani hiyo ndo siri kamili umekosea, manake ushahidi wako wote huko ni watu. Mzee wa mtaa lazima ajue, mwenye ardhi au ejenti wake lazima akubali na aandike jina lako kwenye kitabu cha kodi, mashahidi wawili watatu majirani watie sahihi, na hao wote wana wake na waume na baraza. Bei itajulikana kabla wino haujakauka. Na kinga yako ni ndogo, huna hati ya kuweka benki wala ya kukopea, na ardhi ikiuzwa juu yako unaanza mazungumzo na mtu mpya ambaye hakuahidi kitu.

Ukiipenda hata hivo kwa sababu ya bei, fanya sachi ya ile ardhi kwanza ujue mwenye ardhi ni nani hasa, yuko hai, na kama kuna kesi, na uliza pia kama si mali ya wakfu, hapa mjini viwanja vya wakfu ni vingi na watu huuziwa nyumba juu yake bila kuambiwa. Mkataba uandikwe na wakili siyo kwa karatasi ya daftari, idhini ya mwenye ardhi iwe kwa maandishi na sahihi yake mwenyewe, si ya ejenti. Risiti za kodi ziandikwe jina lako tangu mwezi wa kwanza. Nitumie namba ya kiwanja ya zote mbili, ya Bamburi na ya Kongowea, kwa imeili, usiziweke hapa.